Ada ya Kusema Sijambo

Msusi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: hakujua kusema ana shida. Ukimkuta jino linamuuma, shavu limevimba, ukamwuliza hali, atakuambia sijambo. Ukimkuta mvua imemwingilia ndani na godoro liko juani, atakuambia hamna neno, ni maji tu. Majirani walimtania kwamba siku akifa, mtu akichungulia jenezani na kumwuliza habari za huko, atajibu nzuri. Naye alicheka nao na kuendelea kusuka. Mama yake ndiye aliyemlea hivyo, kwamba shida za ndani hazianikwi kambani pamoja na nguo, na kwamba mkubwa halii mbele ya mdogo.

Sasa mwambie mtu wa namna hiyo aende mahakamani akaape kwamba hana kitu.

Ilimbidi aende. Mama yao alikuwa ameacha nyumba moja ya bati yenye kibaraza kipana, na kwenye kibaraza hicho ndipo Msusi alipokuwa akisukia watu tangu ujana wake. Yeye ndiye aliyemuuguza mama baada ya kupooza, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, akimchana nywele zake chache kila asubuhi ili wageni wasimkute kichwa kitimtimu. Kaka yao mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akija mara mojamoja, anaketi na funguo za gari mkononi, anaulizia mgonjwa kana kwamba anaulizia bei, kisha anaondoka. Matanga hayajapoa, huyo kaka akaja na hati ya nyumba yenye jina lake peke yake, na habari kwamba mnunuzi amepatikana. Msusi akapewa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama.

"Mama alinipa kwa mdomo wake," alisema kaka.

Mdomo gani? Mama yule miaka yake ya mwisho hata maji ya kunywa aliyaomba kwa macho.

Basi Msusi akafunga kitambaa chake safi kichwani, akaenda mahakamani kufungua kesi. Kwenye dirisha la masijala, pale kesi zinaposajiliwa, alikuwepo karani mmoja mwanamke, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, sauti yake ya kugomba hata anaposema asante.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo."

"Una shida gani?"

"Hamna shida, mwanangu."

Karani akamtazama kwa juu ya miwani. "Sasa kama hamna shida umefuata nini hapa? Kupunga upepo?"

Foleni nzima ikacheka. Msusi naye akacheka, maana ndivyo alivyozoea, halafu akaeleza polepole habari ya mama, ya kaka na ya hati. Karani akamwuliza kama ana wakili. Hana. Atajisimamia mwenyewe? Atajisimamia. Na ada ya kufungulia kesi anayo? Hapo Msusi akaanza kuukagua ukucha wa kidole gumba. Karani akaelewa. Alikuwa mkali wa sauti tu, moyoni hakuwa hivyo.

"Sikiliza, mama. Kuna ombi la kusamehewa ada. Unaeleza hali yako yote kwenye karatasi, unaapa, unaleta na barua ya uongozi wa mtaa wako. Naibu msajili ndiye anayelisikiliza. Kaka yako atapelekewa nakala, maana ana haki ya kupinga. Ukikubaliwa, kesi inafunguliwa bure, na kesi ikishapata namba hakuna mnunuzi mwenye akili atakayetoa pesa yake. Ukikataliwa, ama ulipe ama urudi nyumbani."

"Nyumbani ndiko kunakouzwa," alisema Msusi.

Akapewa karatasi, akaketi kwenye benchi la ukumbini kuzijaza. Aliporudi dirishani, karani alisoma mstari wa kwanza akashusha pumzi. Mahali palipoulizwa mwombaji anamuduje maisha, Msusi alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa duara: *Nashukuru, hatujambo.*

"Mama! Huku si kwenye salamu. Hapa ukisema huna shida, unalipa. Andika ukweli. Adabu utaikuta mlangoni ukitoka."

Akapewa karatasi nyingine. Safari hii aliandika. Aliandika kwamba bati linavuja, kwamba vidole vinakufa ganzi na siku hizi hawezi kusuka vichwa viwili kwa siku moja, kwamba wateja wengi wamehamia saluni ya barabarani yenye vioo, kwamba kuna siku anashindia chai. Kila neno lilimtoka kwa taabu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na alipomaliza kuapa na kutia sahihi alitoka nje haraka bila kumtazama mtu usoni.

Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Msusi aliona hana haja ya kumwonea aibu, naye alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Msusi alimwita Kisogo. Jina hilo lilianzia kibarazani, wakati mtoto yule alipokuwa hakubali kuketi popote ila chini, katikati ya magoti ya dada yake, mgongo kwake, akisukwa na kufumuliwa na kusukwa tena. Dada alimjua kwa kisogo kuliko kwa uso. Ada ya shule ya Kisogo, viatu vyake, madaftari yake, vyote vilitoka kwenye vidole vile vile, kichwa baada ya kichwa. Sasa alikuwa mtu wa ofisini katika mji mwingine, mwenye viatu vinavyogonga sakafu, na hakuna mwingine yeyote aliyeruhusiwa kumwita hivyo. Habari za hati zilipompata alipiga simu akilia. "Dada, tuko pamoja," alisema. "Kaka amekosea sana." Msusi alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Jumamosi moja kabla ya ombi kusikilizwa, Kisogo akatokea bila taarifa. Alikuja mikono mitupu na nywele hazijachanwa, akacheka mlangoni kama zamani. "Nimekuja unisuke, dada. Wa kule kwetu wananivuta mpaka macho yananitoka."

Msusi alifurahi mpaka akasahau kuzima jiko. Chakula kilikuwepo kidogo, akakipakua chote.

"Na wewe, dada?"

"Mimi nimeshakula. Nimeshiba mpaka hapa," akasema akionyesha koo.

Kisogo akala. Kisha akaketi pale pale pa zamani, chini, katikati ya magoti. Msusi akachukua kitana akaanza kugawa njia. Alikuwa na mtindo wake aliofundishwa na mama: kabla ya mstari wowote, anatenga kipembe kidogo cha nywele chini kabisa, pale shingo inapoanzia, anakisuka peke yake, kisha anakificha ndani ya mstari wa katikati. Hakuna msusi mwingine aliyejisumbua na kazi hiyo, maana haionekani. Mama alikuwa akisema nywele hushikwa na kisichoonekana.

Walizungumza mambo ya utotoni. Walicheka. Halafu, katikati ya mstari, Kisogo akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini:

"Dada, niambie kweli. Unapata shida hapa? Kuna kitu unakosa?"

Ukweli ulimfika Msusi kooni. Angeweza kuutema pale pale. Karani alikuwa ameshamfundisha namna ya kuusema, na alikuwa ameshauandika na kuuapia mbele ya watu asiowajua. Lakini huyu hakuwa karani. Huyu alikuwa Kisogo, na safari yake ya kurudi ilikuwa ndefu, na mkubwa halii mbele ya mdogo.

"Sina neno, Kisogo wangu," akasema. "Sipungukiwi na kitu. Wateja wapo, mikono ipo. Usijikondeshe kwa ajili yangu."

Kisogo akajiweka sawa kati ya magoti. "Nimefurahi kusikia hivyo," akasema.

Kazi ya msusi ina kasoro hiyo moja: unakishika kichwa cha mtu siku nzima na uso wake huuoni.

Siku ya kusikilizwa ombi, chumba kilijaa watu mapema. Ni chumba kidogo, viti vya mbao, feni inayozunguka kwa kusitasita, majalada yamerundikwa mpaka dirishani yakizuia mwanga. Msusi alipata nafasi nyuma. Alipoinua macho aliona, kwenye kiti cha mbele, mistari aliyoijua. Aliitambua kazi yake kabla hajamtambua mwenye kichwa, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisogo amekuja! Ameomba ruhusa kazini, amesafiri kote huko kuja kumsindikiza dada yake. Kwamba ameketi karibu na kaka mkubwa na wakili wake, Msusi alijieleza mwenyewe kwamba viti vimejaa, mtoto wa watu angeketi wapi?

Naibu msajili akaingia na jalada kwapani. "Hamjambo?"

"Hatujambo, mheshimiwa!" chumba kizima kikaitika.

Ombi la Msusi likaitwa. Wakili wa kaka, kijana wa sauti laini na tai nyembamba, akasimama.

"Mheshimiwa, tunapinga. Mwombaji ana ufundi mkononi, ana wateja, ana kibaraza cha biashara. Zaidi ya hayo, tunacho kiapo cha mtu wa karibu naye kabisa, ambaye mwombaji alimweleza kwa kinywa chake kwamba hana shida yoyote."

Mtu wa karibu? Msusi akaanza kuwapitia majirani mmoja mmoja kichwani. Atakuwa yule wa nyumba ya pili, mdaku yule, anayekuja kuomba chumvi ili ahesabu sufuria za wenzake. Akamchukia mama wa watu bure, papo hapo, kwa moyo wote.

Wakili akasoma, bila kupandisha wala kushusha sauti. "'Nilimtembelea nyumbani kwake, akanisuka nywele. Nilipomwuliza kama anapata shida, alinijibu, nanukuu: Sina neno, Kisogo wangu. Sipungukiwi na kitu. Wateja wapo, mikono ipo.'"

*Kisogo wangu.* Jina lile, likisomwa na mtu mwenye tai.

Kichwa kile cha mbele kikainama, na mistari yote ikaonekana vizuri zaidi, imenyooka, haina kosa. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Msusi alikuwa amepewa visogo maisha yake yote, na kulishwa navyo, na hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba methali ile inamhusu.

Aliumia. Aliumia kuliko alivyoumizwa na ile hati. Kaka alikuwa amechukua nyumba, na kaka ndivyo alivyo, tangu utotoni alikuwa akila nyama ya wenzake. Lakini huyu alikuwa amechukua neno alilopewa kwa mapenzi, akalibeba kwa uangalifu lisimwagike hata herufi moja, akaenda kulitoa kuwa ushahidi. Na alikula. Alikula chakula chote kwanza.

"Mwombaji," naibu msajili akasema, "ulisema maneno haya?"

"Nilisema, mheshimiwa."

Watu wakanong'ona. Wakili akakaa, akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza kazi. Naibu msajili akavishika viapo viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu.

"Hapa umeapa kwamba unashindia chai. Hapa unasema hupungukiwi na kitu. Sasa nieleze, ulimdanganya huyu au unanidanganya mimi?"

Msusi alisimama. Akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. Hakuwa na wakili wa kumtazama, wala karatasi ya kusoma. Alichokuwa nacho ni hasira, na kwa mara ya kwanza hakuitafutia salamu.

"Mheshimiwa, ulipoingia ulituuliza hamjambo, tukakujibu hatujambo. Wote. Wakili huyu ameitika, nimemsikia. Yule mzee mwenye bandeji ameitika. Nani humu ndani hana jambo? Asiye na jambo angefuata nini mahakamani?" Kuna aliyecheka nyuma, akanyamaza. "Hatukukudanganya. Tulikusalimu tu. Na yule aliyeniuliza ni mdogo wangu. Nimemlea mimi. Nilimwambia sina neno ili arudi kwake alale usingizi. Sikujua anauliza kwa niaba ya mtu." Akamtazama naibu msajili. "Leo umeniuliza wewe, na nimeapa. Nina jambo, mheshimiwa. Sina ada, sina wakili, na mwisho wa mwezi sina pa kulala."

Naibu msajili hakucheka wala hakusikitika. Alimwambia mwenye kiapo asimame. Kisogo akasimama, mtandio mabegani.

"Siku hiyo ulisukwa kwa malipo?"

"Hapana. Bure."

"Ulikula pale?"

"Nilikula."

"Yeye alikula?"

Kisogo akatazama sakafu. "Alisema ameshakula."

"Sikukuuliza alisema nini. Ulimwona akila?"

Feni ilizunguka. Kaka mkubwa akageuka kumtazama shahidi wake, na funguo za gari mkononi mwake zikalia kidogo.

"Hapana," akasema Kisogo. "Kulikuwa na sahani moja."

Naibu msajili akaandika kwa muda. Kisha akasoma alichoandika: kwamba salamu si ushahidi wa mali, kwamba ombi limekubaliwa, kwamba ada imesamehewa na kesi isajiliwe leo hii. Akagonga mhuri akaita ombi la pili. Msusi alisimama pale pale mpaka mtu akamgusa mkono kumwambia, mama, umeshinda, toka uwapishe wengine.

Kwenye ukumbi wa nje kaka mkubwa alipita na wakili wake, macho mbele, kama watu wanaowahi basi. Kisogo akabaki. Viatu vyake vikagonga sakafu mara kadhaa, vikasimama.

"Dada."

Msusi akakaza kitambaa chake kichwani.

"Kaka aliniahidi fungu langu nyumba ikiuzwa. Alisema na wewe utatafutiwa chumba mahali. Akaniambia, nenda kamwulize mwenyewe kama ana shida, na atakachosema ndicho uape." Alikuwa analia sasa, machozi yakishuka mpaka kidevuni. "Na nilikuuliza, dada. Nilikuuliza kabisa. Ungesema una shida, mimi nisingeapa. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema huna neno."

Kwa hiyo kosa lilikuwa la kwake Msusi. Hilo ndilo Kisogo alilobakiwa nalo la kumwambia. Alimtazama yule mdogo wake usoni, akaona kwamba ule uso, kwa kweli, hakuwa ameuzoea. Mashavu yamejaa, nyusi zimechongwa. Angekutana nao njiani asingegeuka.

Kisogo alipoinama kujifuta machozi, kule chini shingoni kile kipembe kilionekana kimechomoka kwenye mstari na kuanza kufumuka. Mkono wa Msusi ukainuka wenyewe kwenda kukirudishia. Ulifika nusu ya njia. Akauona, akaurudisha, akaufunga ndani ya mkono mwingine.

"Dada," Kisogo akasema, "una neno na mimi?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa refu, lilianzia kibarazani, lilipitia kwenye viatu vya shule na sahani moja, na alikuwa ametoka kujifunza namna ya kulisema mbele ya watu. Lakini maneno ya namna hiyo mtu huwapa walio wake. Wengine huwajibu kwa adabu.

"Sina neno," akasema Msusi.

Kisogo akashusha pumzi, akafuta macho, akaanza kutabasamu. Alikuwa ameamini tena.

"Mama Msusi!" karani akaita kwa sauti yake ile ya ugomvi, kichwa amekitoa nje ya dirisha. "Njoo ufungue kesi yako, au umekuja kupunga upepo?"

Msusi akageuka, akampa kisogo mdogo wake, akaenda dirishani.